Ni Kweli, Lakini

Mazungumzo na vijana wa bodaboda na kina mama wa soko, Likoni, Mombasa, Kenya

Assalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Hamjambo nyote, mliopata viti na nyinyi mliosimama kule mlangoni. Mwenyekiti, shukrani kwa kunialika. Kina mama mliofunga vibanda mapema, najua jioni ndiyo saa ya mauzo, kwa hiyo sitawapotezea muda kwa maneno ya kupamba.

Nimeombwa nizungumze juu ya kesi za fujo. Kabla sijataja kifungu hata kimoja, niwaeleze mimi ni nani, maana wengine hapa mwanitazama mkidhani mimi ni wakili. Mimi si wakili, wala sikuwahi kuwa hakimu. Kwa miaka ishirini na miwili nilikuwa karani wa mahakama. Ni yule mtu anayesimama mbele ya meza ya hakimu na faili mkononi, akakusomea shtaka kwa Kiswahili, kisha akakuuliza: "Umesikia? Ni kweli au si kweli?" Hakimu anaandika kwa Kiingereza, wewe wajibu kwa Kiswahili, au Kidigo, au Kikamba, na jibu lako lapita mdomoni mwangu kabla halijafika kwenye karatasi yake.

Sasa nitawapeleka Jumatatu moja asubuhi. Mahakama sitaitaja. Jumatatu huwa na watu wengi kwa sababu waliokamatwa tangu Ijumaa usiku wote huletwa siku hiyo. Benchi la mbao limejaa, wengine wamechuchumaa ukutani. Harufu ya seli imewaganda nguoni. Wanaume wameshika suruali kwa mkono mmoja, kwa kuwa mishipi ilichukuliwa kituoni. Kulikuwa na kijana mmoja hamali, mguu mmoja una ndara, mwingine hauna kitu. Alikuwa amekamatwa nje ya kilabu cha pombe kwa ugomvi wa chenji, shilingi mia mbili. Nikamsomea kwamba siku fulani, mahali fulani, alizua fujo kwa namna ambayo ingeweza kusababisha uvunjaji wa amani. Ni kweli au si kweli?

Akanijibu: "Ni kweli, lakini yeye ndiye aliyenishika shati kwanza, mimi nikamsukuma aniachilie."

Mimi nikageuka nikamwambia hakimu: "Anasema ni kweli."

Nilikuwa na mafaili thelathini na kitu mkononi. Koo limenikauka, tena huyo alikuwa wa kumi na moja au wa kumi na mbili. Hakimu akaandika, kiongozi wa mashtaka akasoma maelezo mistari mitatu, ikatoka faini. Kijana hakuwa nayo, akapelekwa chini. Ile "lakini" yake niliiacha pale sakafuni, miguuni pangu. Ilichukua miaka kabla sijaelewa vizuri nilichofanya, na tangu nimeelewa sijapata raha nayo. Ndiyo iliyonileta kwenu jioni hii.

Sikilizeni kwa nini ile lakini ilikuwa na uzito. Mwaka 1973 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilitoa uamuzi katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, na mahakama za Kenya zinaufuata hadi leo. Ulieleza hatua kwa hatua namna mtu anavyoulizwa kama anakubali kosa. Asomewe shtaka na vipengele vyake vyote katika lugha anayoielewa. Maneno yake mwenyewe yaandikwe, kwa karibu iwezekanavyo na alivyoyasema. Akikubali, upande wa mashtaka ueleze mambo yalivyotokea. Baada ya hapo mshtakiwa aulizwe tena: hayo uliyoyasikia wayakubali, wayapinga, au una la kuongeza? Akipinga, au akiongeza neno linalogusa kosa lenyewe, hakimu afute lile kubali na aandike kwamba mshtakiwa amekana. Kesi isikilizwe, mashahidi waje.

Basi mtu akisema "ni kweli nilimsukuma, lakini alikuwa amenishika", huyo hajakubali kosa. Amekubali kusukuma, na papo hapo ametoa utetezi. Sheria ilimpa kijana yule haki ya kusikilizwa, na haki hiyo iliishia kwangu mimi niliyekuwa na haraka.

Ubaya wake unazidi. Katika Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, kifungu cha 348 chasema kwamba aliyekubali kosa katika mahakama ya hakimu na akahukumiwa kwa kukubali huko hawezi kukata rufaa kupinga kupatikana na hatia. Analoweza kulalamikia ni ukubwa au uhalali wa adhabu. Mlango umejifunga nyuma yake. Kuna waliofanikiwa kuonyesha kwamba kule kubali kwao hakukuwa wazi, na mahakama za juu zikawasikiliza, lakini hiyo ni safari ndefu kwa mtu wa shilingi mia mbili.

Haya, fujo yenyewe ni nini? Watu wengi hudhani polisi akishakasirika, basi wewe umefanya fujo. Sivyo. Kanuni ya Adhabu ina vifungu viwili mnavyopaswa kuvijua kama mnavyojua namba ya simu ya nyumbani. Cha kwanza ni cha 95. Kinamhusu mtu anayegombana au kuzua vurugu "kwa namna inayoelekea kusababisha uvunjaji wa amani". Adhabu yake ya juu ni kifungo cha miezi sita. Cha pili ni cha 94, nacho ni cha maneno au vitendo vya vitisho, matusi au dharau mahali pa umma au kwenye mkutano wa watu, ikiwa mtu amekusudia kuchokoza au ikiwa amani inaelekea kuvunjika kwa sababu hiyo. Nacho pia ni miezi sita.

Zingatieni hayo maneno, "uvunjaji wa amani". Huo ndio moyo wa kosa. Mwaka 1981 Mahakama ya Rufani ya Uingereza, katika kesi ya Howell, ilieleza kwamba amani huvunjika pale mtu anapodhuriwa au anapoelekea kudhuriwa, au mali yake mbele ya macho yake, au anapoingiwa na hofu ya kudhuriwa kwa sababu ya shambulio, ghasia au vurugu nyingine. Mahakimu wetu wamekuwa wakiuazima ufafanuzi huo. Kwa hiyo ukali wa sauti peke yake hautoshi. Mama anayepaza sauti kudai pesa zake za nyanya hajavunja amani ya mtu. Muziki wako usiku wa manane unakera, na kelele zina kanuni zake za mazingira, za mwaka 2009, lakini kukera ni jambo jingine. Kiongozi wa mashtaka lazima aonyeshe kwamba hali ile ilikuwa inaelekea kwenye mapigano, madhara au hofu ya kweli. Ninyi mkisomewa shtaka, jiulizeni hapo hapo: amani ya nani ilivunjika au ilikaribia kuvunjika? Nani angepigwa? Nani aliogopa? Majibu yakikosekana, msiseme ni kweli.

Nisieleweke vibaya. Sikuja kuwafundisha kuponyoka. Kifungu hicho cha 94 kimewalinda kina mama wengi. Nakumbuka mama mmoja muuza samaki ambaye kila jioni kijana mmoja alimsimamia mbele ya karai lake akimtukana matusi ya nguoni mbele ya wateja, akitishia kumwagia mafuta ya moto. Wateja walianza kukwepa. Mama alikuwa anatetemeka akitoa ushahidi, ameshika ncha ya leso akiizungusha kidoleni mpaka kidole kikabadilika rangi. Sheria ilifanya kazi yake siku ile, na mimi nilisoma shtaka lile kwa moyo mkunjufu. Aliyefanya, akubali. Kukubali mapema humpunguzia mtu adhabu, na ni uungwana. Ninachokiogopa ni kukubali usichokifanya, au kukubali nusu ikaandikwa nzima.

Ya ulevi nitayapita haraka. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, kifungu cha 33, inamhusu mtu anayekutwa amelewa hajiwezi, au amelewa na anafanya fujo, barabarani au mahali pa umma. Faini isiyozidi shilingi 500, au kifungo kisichozidi miezi mitatu, au vyote viwili. Kuwa umekunywa si kosa. Lazima uwe hujiwezi, au uwe unafanya fujo.

Sasa kuna kundi jingine la mashtaka ambalo linaniuma zaidi, na hapo naomba subira yenu kidogo. Zamani huko Uingereza, mwaka 1824, baada ya vita vya Napoleon, askari waliorudi nyumbani walijikuta hawana kazi wala makao, wakajaa barabarani. Bunge lao likatunga sheria ya uzururaji. Ikawagawa maskini katika mafungu: wazembe na wakorofi, wahuni na wazururaji, na wale walioitwa wasiorekebishika. Wakoloni walipotuletea Kanuni ya Adhabu mwaka 1930, walikuja na mafungu hayo hayo. Kifungu chetu cha 182 kikabeba jina hilo la wazembe na wakorofi, na ndani yake kikamchanganya kahaba, mcheza kamari na mtu anayejiendesha hadharani kwa namna inayoelekea kuvunja amani, wote kapu moja.

Tazameni ilivyo. Sheria iliyotungwa kwa ajili ya mwanajeshi aliyekosa mkate kule London ikaja kumkuta mchukuzi wa Likoni anayesubiri feri ya alfajiri. Sheria ya namna hiyo inamtazama mtu alivyo: hana kazi, hana makao, uso wake haupendezi. Haitazami alichokifanya. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilitoa maoni yake tarehe 4 Desemba 2020 baada ya kuombwa na chama cha mawakili wa Afrika. Ikasema kwamba sheria zinazomfanya mtu mhalifu kwa sababu ya hali yake, kwa kukosa makao au kazi au njia ya kujikimu, haziendani na Mkataba wa Afrika, na nchi zina wajibu wa kuzirekebisha au kuzifuta. Kabla ya hapo, Januari 2017, Mahakama Kuu ya Malawi ilikuwa imekifuta kifungu chao cha uhuni na uzururaji baada ya mchuuzi mmoja wa mifuko ya plastiki kukamatwa alfajiri akienda kutafuta riziki yake. Desemba 2022 Mahakama ya Katiba ya Uganda nayo ikafuta vipengele vya uzururaji kwenye sheria yao. Nchi tatu, sheria ya babu mmoja. Ukikamatwa na usiambiwe umefanya nini, ila umesimama wapi na unafanana na nani, ujue unalo neno la kusema mbele ya hakimu.

Nije kwenu vijana wa bodaboda. Ninyi ndio hasa mnaogeuza kosa la miezi sita kuwa kosa la miaka mitano kwa dakika moja.

Iko hivi. Kijana amebishana na abiria juu ya nauli, watu wamekusanyika, polisi wawili wamefika. Mpaka hapo, kama kuna kosa lolote, ni fujo. Polisi anamwambia twende. Kijana anavuta mkono, anamsukuma askari, wenzake wanapiga honi na kuzingira gari. Kesho yake karatasi ya mashtaka ina makosa mawili. La kwanza ni fujo, miezi sita. La pili ni kumshambulia au kumzuia polisi akiwa kazini, kifungu cha 253, na hapo ni miaka mitano. Kioo cha gari kikipasuka, uharibifu wa mali kwa makusudi, miaka mitano mingine. Abiria akiwa na jeraha na fomu ya P3, ile ya polisi ya kuandikia majeraha, imejazwa hospitalini, shambulio la kudhuru mwili, miaka mitano.

Na tofauti hiyo haiko kwenye adhabu ya mwisho tu. Katiba yetu ya mwaka 2010, Ibara ya 49, fungu la pili, inasema hivi: mtu asiwekwe rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini peke yake, au ni kifungo kisichozidi miezi sita. Rudieni nami: kisichozidi miezi sita. Fujo ya kifungu cha 95 ni miezi sita. Ya 94 ni miezi sita. Ulevi ni mitatu. Maana yake ni kwamba mtu aliyeshtakiwa kwa fujo peke yake, akakana, hapaswi kulala rumande hata usiku mmoja akisubiri kesi yake. Nimekaa mahakamani miaka ishirini na miwili, na waliolijua fungu hilo kati ya waliosimama kizimbani nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Wengi waliokubali makosa walikubali kwa kuogopa rumande ambayo Katiba imewakinga nayo. Lakini siku unapomsukuma polisi, kinga hiyo umeivua mwenyewe. Utahitaji kuomba dhamana kama watu wa makosa makubwa, na mdhamini, na pesa.

Kwa hiyo ukikamatwa, hata kama umeonewa, mikono iwe chini. Sema jina lako. Uliza: nakamatwa kwa kosa gani? Ni haki yako kujibiwa mara moja, kwa lugha unayoielewa. Ni haki yako kunyamaza baada ya hapo. Wenzako wasizingire gari. Mmoja wao afuate kwa pikipiki ajue umepelekwa kituo gani, akawaambie nyumbani. Hilo lasaidia kuliko honi mia.

Kituoni, jina lako na kosa lako vinaandikwa kwenye kitabu cha OB, yaani kitabu cha matukio cha kituo. Ulizeni namba ya OB. Kina mama, mkija kumtafuta mtoto, msianze kwa kulia kwenye kaunta. Anzeni na namba hiyo, maana mtu akiwa na namba ya OB hawezi kukanwa kwamba hakuletwa. Kisha ombeni bondi ya polisi, yaani ahadi ya maandishi kwamba mtu ataachiliwa na atafika mahakamani siku aliyopangiwa. Wengi mwajua saa ishirini na nne, kwamba mtu afikishwe mahakamani ndani ya saa hizo. Mnachosahau ni kwamba saa hizo zikiisha siku ambayo mahakama haikai, polisi wana hadi mwisho wa siku inayofuata ya mahakama. Ndiyo maana aliyekamatwa Ijumaa usiku hulala seli hadi Jumatatu. Lakini kifungu cha 36 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kimeliona hilo. Kinamtaka mkuu wa kituo, pale ambapo haiwezekani kumfikisha mtu mahakamani ndani ya saa ishirini na nne, achunguze jambo lenyewe na amwachilie kwa bondi, isipokuwa kosa likionekana kuwa zito. Fujo ya chenji si kosa zito. Mwambieni mkuu wa kituo kwa adabu: afande, naomba bondi ya kifungu cha 36. Bondi yenyewe hailipiwi. Mkiambiwa ni dhamana ya pesa taslimu, kuna risiti, na pesa hizo hurudishwa kesi ikiisha. Isiyo na risiti si dhamana.

Tumefika kizimbani. Karatasi ya mashtaka ina sehemu mbili: jina la kosa pamoja na kifungu chake, halafu maelezo ya kosa, yaani lini, wapi, umefanya nini, kwa nani. Sikiliza sehemu ya pili kuliko ya kwanza. Tarehe ikiwa si yenyewe, sema. Mahali pakiwa sipo, sema. Kama karani anasoma mbio kama nilivyokuwa nikisoma mimi, mwambie: sijaelewa, naomba nisomewe tena. Hakuna hakimu atakayekufunga kwa hilo. Kama Kiswahili cha mahakamani kinakupiga chenga na lugha yako ni Kiduruma, omba mkalimani. Katiba inakupa bila malipo.

Ukiulizwa ni kweli au si kweli, na una lakini yoyote moyoni, jibu lako ni moja: "Si kweli." Usianze na ni kweli. Hiyo lakini utaieleza siku ya kusikilizwa, na itapata nafasi yake yote. Ukisema si kweli hujamtukana hakimu wala hujasema uongo. Umewaambia tu waliokushtaki walete ushahidi. Utapewa tarehe, utapewa maandishi ya mashahidi ujue watasema nini, utapewa muda wa kujiandaa.

Na mkumbuke kesi nyingi za fujo ni za majirani. Maji ya mfereji, mtoto wa fulani, deni la chama. Kifungu cha 176 cha sheria hiyo hiyo ya mwenendo wa kesi kinairuhusu mahakama kuhimiza upatanisho katika mashambulio madogo na makosa mengine ya watu binafsi yasiyokuwa mazito. Mlalamishi naye anaweza, chini ya kifungu cha 204, kuomba kuondoa malalamiko yake, na hakimu akiridhika na sababu zake, mshtakiwa anaachiliwa. Nimeshuhudia wake wenza wakishikana mikono mbele ya hakimu kwa kesi iliyoanza na beseni. Mzee wa mtaa, mtu wa msikitini au wa kanisani akiwapatanisha nyumbani, mwende mahakamani mkaseme wote wawili. Msikae tu nyumbani mkidhani yameisha. Kesi haifi kwa sababu ninyi mmekula pamoja, na asiyefika tarehe yake hutolewa hati ya kukamatwa.

Hata ukipatikana na hatia, jela si jibu la pekee. Kifungu cha 35 cha Kanuni ya Adhabu kinamruhusu hakimu kukuachilia bila adhabu, moja kwa moja au kwa sharti usirudie kosa kwa muda usiozidi miezi kumi na miwili. Kuna pia Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 1998, ufagie hospitali au upande miti badala ya kulala ndani. Omba. Mengi ya haya hayatolewi kwa sababu hayakuombwa.

Mpwa wangu mwenyewe hakuomba kitu. Alikamatwa kwa vurugu nje ya baa, akachukuliwa alama za vidole, Jumatatu akasema ni kweli, akalipa faini, akarudi nyumbani mchana akala wali. Sote tulimsifu kwa kumaliza haraka. Miaka mitatu baadaye akapata mkataba wa udereva huko Qatar. Wakala akataka cheti cha mwenendo mwema. Cheti kikarudi na ile kesi imeandikwa. Alikuwa ameshauza pikipiki yake apate nauli na pesa za daktari. Nilikuwa nimekaa naye barazani alipokikunja kile cheti mara nne, akakitia mfukoni, hakusema neno mpaka adhana ya magharibi. Alikuwa na lakini yake naye. Hakuwa ameanzisha yeye ile vurugu, na mashahidi walikuwepo. Lakini alikuwa amechoka, ana njaa, na mjomba wake karani hakuwahi kumwambia haya ninayowaambia ninyi leo.

Mama yule mwenye kanga ya kijani ameinua mkono tangu nianze. Simama mama.

(Mama alieleza kwamba mwanawe amepewa bondi ya polisi kwa shtaka la fujo, anatakiwa mahakamani Alhamisi, na kwamba jirani mmoja amemshauri akubali alipe faini, yaishe.)

Mama, pole. Nikuulize: yeye mwenyewe asemaje? Alifanya? (Mama alijibu kwamba aligombana, ni kweli, lakini alikuwa akimtoa mdogo wake mikononi mwa watu.)

Mmesikia nyote alivyosema? "Ni kweli, lakini." Mama, mwanao asikubali shtaka. Aseme si kweli. Mdogo wake na yeyote aliyekuwepo waandike walichokiona leo usiku, kabla hakijawatoka, saa ngapi, nani alisimama wapi. Karatasi ya bondi mwende nayo. Alhamisi aoge, avae shati safi, mfike saa mbili, mahakama inaanza saa tatu. Mimi nitakuwa pale mlangoni tangu saa mbili kasorobo. Siwezi kumsemea ndani, mimi si wakili, lakini nitakaa benchi la mbele, mahali atakaponiona, na akisomewa haraka anitazame, nitamwashiria aombe asomewe tena.